Wadepute nao tuwahesabie dakika

Tarehe 16 Novemba 2025, karibu saa sita ya usiku, tulikuwa watu zaidi ya arobaini mu parsele moja ya Kenya, mbele ya televizio moja. (Tunasema Kenya ya hapa Lubumbashi, komine yetu, si ile inchi ya Nairobi.) Umeme ulikuwa umeenda tangu saa kumi, kwa hiyo kila mtu alitoa franka kidogo ya mafuta ya jenereta, na mwenye parsele alikataa kabisa mtu akae bila kuchanga, hata mtoto wa dada yake. Kule Rabat Nigeria walitufunga dakika ya tatu. Meschack Elia akarudisha. Kisha hapo, hakuna tena, mpaka dakika 120, tukaenda kwenye penalti. Kocha Desabre akamtoa Mpasi golini, akaingiza Timothy Fayulu kwa ajili ya penalti tu, na sisi tukaanza kugombana: namna gani unamtoa Mpasi, yule aliyetutolea Misri mwaka 2024 kwa penalti aliyoipiga yeye mwenyewe? Fayulu akatujibu kwa mikono yake. Mwishoni Chancel Mbemba akaweka mpira chini, akapiga, 4-3. Jenereta ilizimika dakika mbili kisha hapo, lakini hakuna aliyeona, juu wote tulikuwa tayari barabarani.

Furaha ile kila mtu anaijua, hatuna la kuongeza. Tunaandika juu ya mazungumzo ya barabarani, saa saba ya usiku.

Kulikuwa papa mmoja, mfanyakazi wa reli wa zamani, mtu wa Lupopo mpaka kwenye mifupa. Akasema: «Watoto, muliona? Ule Mbemba, Marseille walimuweka pembeni mwaka muzima, hawakutaka kumuona. Akaenda Lille. Siku tatu za nyuma njo yeye aliwafunga Kameruni dakika ya 91. Leo tena njo yeye. Na pale Marseille walisema ameisha!» Na kila mtu pale alikuwa na lake la kuongeza: miaka ya Porto, miaka ya Newcastle, kontra, ugomvi na wakubwa wa ekipe. Mtoto wa miaka kumi na mbili alitusahihisha tarehe.

Mmoja wetu akauliza, kwa mchezo tu: «Papa, na depute wetu, yeye amecheza dakika ngapi?»

«Ule? Ule waliisha kumuuza kitambo.»

Tulicheka sana. Halafu tukauliza: waliomuuza ni nani? Alitoka chama gani, akaingia gani, mwaka gani? Papa akasema chama kimoja, mama muuza mikate akasema kingine, sisi wenye lisansi zetu tukasema cha tatu. Watu arobaini, na hakuna aliyeweza kutoa hata fishi ya mtu mmoja anayekaa Bungeni kwa jina letu. Lakini fishi ya Mbemba tulikuwa nayo yote, mpaka jeraha la goti la Wissa.

Kwa kweli Wissa naye tulimuhukumu usiku ule ule, na alikuwa hayuko hata kwenye kiwanja. Alikataa kucheza Brentford mpaka wamuuze, akaenda Newcastle mwanzoni mwa Septemba kwa pesa ambayo mtu wa kwetu hawezi kuihesabu bila kupumzika katikati. Siku chache baadaye akaja Kinshasa kucheza na Senegali, akafunga, tukawa 2-0 kisha Bakambu. Halafu akaumia goti, na Senegali wakarudi 3-2. Wako wenzetu wanasema: Mungu alimuazibu juu ya kugoma. Sisi tunakataa maneno ya vile. Mchezaji ana miguu yake na miaka yake michache. Kama kazi ingine inamlipa vizuri, ana haki ya kwenda. Kitu kimoja tu tunamdai: aende mchana. Na Wissa alienda mchana. Aliandika mbele ya watu wote kwamba anataka kuondoka, magazeti yakaandika bei, ekipe yake ya zamani ikakasirika, ikachukua pesa, kwisha. Kila shabiki wa Brentford anajua ni siku gani, kwa bei gani, na kwa nini.

Sasa angalieni merkato ya pili.

Desemba 2020, Prezida Tshisekedi alivunja ndoa yake na FCC ya Joseph Kabila. FCC ilikuwa na wadepute zaidi ya 300 kati ya 500. Tarehe 10 Desemba wadepute 281 walipiga kura kumuondoa Jeanine Mabunda kwenye kiti cha Bunge, na Mabunda alikuwa mtu wa FCC. Tarehe 27 Januari 2021 wadepute 367 wakamuangusha Waziri wa Kwanza Ilunga Ilunkamba, naye mtu wa FCC. Fanyeni hesabu wenyewe. Mu wiki saba, ekipe iliyokuwa na wachezaji zaidi ya 300 ilibaki na benchi. Wale watu hawakuhama inchi, hawakuhama hata kiti. Walivua nguo moja wakavaa ingine, ikaitwa Union Sacrée, na mechi ikaendelea kama vile hakuna kitu.

Mmoja wetu alisoma sheria, ana lisansi tangu 2022, anauza unite za simu karibu na soko. Njo yeye alituonyesha article 110 ya Katiba. Inasema depute anayeacha kwa kupenda kwake chama chake mu kipindi cha mandat, anahesabiwa kwamba ameacha pia kiti. Maneno ni mepesi, mtoto wa shule anaelewa. Kumbe katikati ya Januari 2021 Mahakama ya Katiba ilitoa maelezo yake, na wadepute wakapata njia ya kwenda upande mupya na kiti chao mkononi. Mu mpira ingekuwa hivi: unaacha Lupopo katikati ya derbi, unaingia Mazembe, na unaendelea kulipwa na Lupopo. Tena unaomba mashabiki wa Lupopo wakupigie makofi.

Tutaambiwa kwamba mtu anaweza kuacha chama kwa sababu nzuri. Kweli. Chama kinaweza kugeuka, kikasahau yote kilichowaambia watu, na depute mwaminifu akatoka. Huyo tungemuheshimu, kama angekuja kwenye kartie, akakusanya watu, akaeleza. Mchezaji anayehama ana konferansi ya wandishi wa habari, anashika nguo mupya mbele ya kamera, anaulizwa maswali mabaya. Kwa wadepute 2020 tulisikia tu minong'ono ya hoteli na ya bahasha. Ushahidi wa bahasha hatuna, kwa hiyo hatusemi fulani alipewa kiasi fulani. Ila ndiyo tatizo lenyewe: kwenye merkato ya mpira bei inajulikana, kwenye merkato yetu hata wale waliouzwa, maana yake sisi tuliopiga kura, hatujui tuliuzwa bei gani.

Na musitwambie «mpira ni mpira, musiingize siasa». Hapa Lubumbashi? Prezida wa Mazembe ni Moïse Katumbi. Lupopo iliongozwa na Jacques Kyabula akiwa yeye ni gavana wa Haut-Katanga. Siasa inakaa kwenye tribini ya mbele, na sisi tunakaa kwenye jua. Na kwa kuwa wengi wetu tunaoandika hapa ni watu wa Mazembe, tuanze na wa kwetu, ili mtu asiseme tunachagua. Katumbi alikuwa gavana wa Katanga na mtu wa PPRD ya Kabila mpaka Septemba 2015, akatoka. Mwanzoni mwa 2021 chama chake, Ensemble, kikaingia Union Sacrée. Desemba 2022 akatoka tena, akawania uprezida mwaka wa 2023. Mara ingine alieleza, na maelezo ya 2015 sisi tuliyakubali. Lakini muangalieni upole tunaompa: kama mchezaji wa Mazembe angefanya safari hiyo, Mazembe, Lupopo, Mazembe, tungemuita jina gani pale Kamalondo? Kwa wakubwa tunasema «ni mbinu». Kwa mchezaji tunasema «muuzaji». Kyabula naye alikuwa wa FCC alipochaguliwa gavana mwaka wa 2019, upepo ulipogeuka akageuka nao, na watu wa Lupopo waliendelea kuimba. Tumekuwa na macho mawili, moja la kiwanja na moja la siasa, na lile la siasa tumelifunga wenyewe.

Iko kitu kingine kwenye mpira kinachotuuma, na hiki hakizungumzwi sana. FIFA ina sheria: mchezaji akiuzwa kutoka inchi moja kwenda ingine, akiwa bado na kontra, 5% ya bei inakatwa, inagawanywa kwa ekipe zote zilizomlea tangu miaka 12 mpaka 23. Maana yake kama mtoto alianza kwenye ekipe ya kartie, kiwanja cha mavumbi, kocha wa bure anayenunua mipira kwa mshahara wa kuendesha taksi, siku ule mtoto anauzwa Ulaya kwa mamilioni, ekipe ya kartie inapaswa kupata fungu lake. Ni pesa halali, si zawadi.

Sisi tulilea mmoja. Jina lake tunaliacha, yuko bado anatafuta maisha. Alikuwa beki wa kushoto, tuliosha naye nguo za ekipe mu bidoni moja, mama zetu walimpa ugali. Akiwa na miaka kumi na saba akaja menaja mmoja na simu mbili na viatu vya kungaa. Akatwambia: «Karatasi nitapanga mimi.» Alipanga kweli. Kwenye karatasi mtoto akatoka ekipe ingine kabisa, ambayo hakuchezea hata siku moja, na miaka yake ilipunguka mitatu. Alienda inchi ya kwanza, akapita ya pili, pesa ilipita pale juu kama ndege. Kocha wetu alipoenda kuuliza ofisini, waliuliza: «Uko na karatasi inaonyesha alicheza kwako?» Hakuwa nayo. Tulikuwa na picha moja, watoto kumi na moja, na jina la ekipe limeandikwa kwa chaki kwenye ubao. Mtoto mwenyewe alirudi mwaka jana, goti limekufa, na miaka ambayo si yake kwenye pasipoti.

Hapo njo tulijifunza maana ya karatasi. Ekipe iliyoandika kila mechi, kila jina, kila tarehe, inalipwa. Ekipe iliyobaki na kumbukumbu tu ya mdomo, hata kama ilifanya kazi yote, inaambiwa asante. Na sisi wapiga kura tuko ile ekipe ya pili. Tulimlea depute, tulimpa ugali, tulimbeba mabegani Desemba, na siku ya kuuzwa kwake tunaambiwa tuonyeshe karatasi.

Wakubwa wao wanajua vizuri thamani ya karatasi. Juni na Julai 2025 serikali yetu ilitia saini na Monaco, na AC Milan, na mwishoni na Barcelona. Kwa Barcelona peke yake magazeti yaliandika zaidi ya milioni 40 za euro kwa miaka mine, ili maneno «R.D. Congo – Cœur d'Afrique» yakae mgongoni mwa nguo za mazoezi. Tuliambiwa italeta watalii na itasaidia vijana wa kwetu kufundishwa mpira. Sawa. Goma ilikuwa imeshaanguka mwezi wa kwanza, Bukavu mwezi wa pili, na sisi tunauliza tu mtalii huyo atashukia uwanja gani wa ndege. Hatukatai inchi ijitangaze. Tunakataa kwamba kontra ya namna ile imesainiwa kwa jina letu na hatujasikia depute hata mmoja wa kwetu hapa mjini akija kutwambia aliuliza nini juu yake. Hakuna hata aliyerudi kusema: niliuliza, wakakataa kunijibu. Hata ile ingehesabika kama dakika za kucheza.

Na wakati ule ule njia ya mpira yenyewe inageuka mgongo kwetu. Mwaka 2011 Mbwana Samatta alitoka Simba ya Dar es Salaam kuja Mazembe, juu hapa njo palikuwa mahali pa kukua. Akachukua nasi Ligi ya Mabingwa mwaka wa 2015, kisha akaenda Genk. Siku hizi wa kwetu njo wanaenda kule. Fiston Mayele alitoka Vita kwenda Yanga mwaka 2021, kisha Pyramids ya Misri, na 2025 amechukua nayo ile kombe ya Afrika. Si yeye peke yake, orodha ya Wakongomani waliopita Simba na Yanga ni ndefu, na jirani zetu Watanzania wanatutania: «Mutume wengine.» Hakuna aliyewafukuza. Mtu anaenda pale mshahara unafika tarehe yake. Na sisi wenye lisansi tunawaelewa kabisa, juu hata sisi, kama kungekuwa merkato ya wasomi wasio na kazi, hapa Lubumbashi hakungebaki mtu.

Watu wa umri wa papa yule wa reli wanakumbuka 1974 vizuri kuliko sisi. Mwaka ule Zaire ilichukua kombe ya Afrika kule Misri, Ndaye Mulamba akafunga magoli 9, hesabu ambayo hakuna aliyeifikia tena mu CAN moja. Miezi michache kisha, Kombe la Dunia Ujerumani: 2-0 na Scotland, 9-0 na Yugoslavia, 3-0 na Brazil. Mechi ya Brazil, Mwepu Ilunga, mchezaji wa Mazembe, alitoka mu ukuta akapiga mpira wa faulu ambao haukuwa wake. Dunia nzima ilicheka, na mpaka leo inacheka: Waafrika hawa hawajui sheria. Mwepu mwenyewe alieleza baadaye: sheria alizijua vizuri sana. Walikuwa hawajalipwa, na wenye kula pesa walikuwa wamekaa kwenye kivuli. Ule mpira ulikuwa kilio chake. Tunamfikiria Mwepu kila mara mtu wa ofisi anatwambia «nyie vijana hamujui sheria». Tumeisoma, article kwa article.

Na Februari 2024, Abidjan, kabla ya nusu fainali na Côte d'Ivoire, wachezaji wetu walifunika midomo kwa mkono mmoja na kuweka vidole viwili kwenye kichwa kama bunduki, wakati wimbo wa taifa unaimbwa, juu ya watu wanaouawa Mashariki. Tulifungwa 1-0 siku ile, goli la Haller. Lakini mama mmoja wa Beni, aliyekimbilia hapa na watoto wake, alikuwa amekaa nasi, na alilia kabla mechi kuanza. Alisema: «Leo wametutaja.» Vijana wenye nguo za mpira walifanya mu dakika moja kile ambacho wadepute 500 wanalipwa kufanya kila siku.

Basi tumeanza daftari. Si kitu kikubwa, ni kaye ya kurasa 96, na picha za kila ukurasa tunaziweka hapa. Kila depute wa mji wetu ana ukurasa wake, kama fishi ya mchezaji: alichaguliwa kwa chama gani, yuko wapi leo, alihama siku gani na alieleza nini. Mu kikao hiki cha Septemba, aliuliza swali gani, aliunga mkono sheria gani, alirudi mara ngapi kukutana na watu, bila kuhesabu matanga na harusi. Tunaandika tu kitu chenye ushahidi: barua, picha, video, gazeti. Sifa nazo tunaandika. Depute mmoja amekwisha kupata mstari mzuri juu ya swali lake kuhusu barabara, na hatukumpenda hata kidogo kabla ya pale.

Yeyote aliye na karatasi ya zamani, bango la kampanye, kalenda yenye uso wa mkubwa na chama chake cha wakati ule, tunaomba asiitumie kufunga karanga. Atuletee. Kalenda za 2018 njo zinatusaidia zaidi, juu pale kila mtu bado amevaa nguo yake ya kwanza.

Juma iliyopita msaidizi wa depute mmoja alitupigia simu. Alikuwa na adabu, alituita «vijana wangu». Alitaka kujua kwa nini kwenye ukurasa wa mkubwa wake tuliandika «dakika 0». Tukamwambia: yaya, leta ushahidi wowote, hata wa dakika tatu, tutausahihisha siku ile ile na tutaomba msamaha. Akasema atarudi kesho asubuhi. Tulimngoja mpaka saa nane.

Lubumbashi, Desemba 2025